Soksi za Sweta ya Baba

Kalambaka, 31 Oktoba 1940

Dada Evanthia,

Waitalia wameshashindwa vita hii, na aliyewashinda ni mimi mdogo wako Zisis. Magazeti ya huko Athene yatakuambia vingine, usiyasikilize. Jumatatu asubuhi kengele ya kanisa ilipotangaza vita ikilia kama imepagawa, aliyekuwa ananing'inia kwenye kamba ni mimi. Papa Lefteris, kasisi wetu, anasema yeye ndiye aliyenituma. Aseme atakavyo, mikono iliyochubuka ni yangu. Niliuamsha mji mzima kwa mkono mmoja, mwingine nilikuwa nimeshika mkate.

Sisi hatujambo. Mama mzima, ila kikohozi chake kile cha vuli kimerudi. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Na pua yako inaendeleaje na moshi wa mjini? Nasikia inafika sokoni kabla yako.

Sasa nikuambie ulichokosa. Postamasta alikuwa kwa Rizos kinyozi, ndevu zimenyolewa upande mmoja, povu upande wa pili. Aliposikia habari akatoka mbio na kitambaa shingoni, akaenda kujiandikisha, na mpaka treni inaondoka hajarudi kumalizia. Ameenda vitani na shavu moja la bwana arusi na moja la mchunga mbuzi. Watu wamemshangilia kuliko bendera.

Mzee Apostolis na Mzee Zachos unawakumbuka, hawajasemeshana tangu ule ugomvi wa mti wa jozi. Jeshi lilipodai nyumbu, kila mmoja alileta wake, na askari akasema wafungwe pamoja kwenye gari moja. Nilikuwa hapo hapo.

"Wa kwako anavuta kushoto," akasema Zachos.

"Anavuta kushoto kwa sababu wa kwako ananuka."

Halafu Apostolis akavua koti lake akamfunika nyumbu wa Zachos, kwa kuwa yule alikuwa na kidonda mgongoni. Zachos akageuka akajifanya anatafuta tumbaku mfukoni. Dada, mimi huwa silii, lakini siku hiyo upepo ulikuwa mbaya.

Mimi nami nilikwenda kujiandikisha. Karani akatazama daftari la miaka ya kuzaliwa. "Mwaka wako haujaitwa, kijana." Nikamwambia, "Basi niiteni mimi, mwaka ubaki." Akaniambia nirudi nyumbani mama anifute kamasi. Miaka kumi na minane mizima, na masharubu haya. Ndio maana nakuambia vita wameshashindwa: hata wakubwa wameona si haki kunitumia mimi mapema.

La mwisho, na mama amesimama nyuma yangu kuhakikisha naliandika. Kaka Stergios ameitwa jeshini huko huko Volos alikokuwa akipakia tumbaku. Kikosi chake kitakuja kwa treni mpaka hapa mwisho wa reli, halafu milimani kwa miguu. Unajua vile vidole vyake. Tangu ule mwaka theluji ilipomkamata malishoni, daktari alisema baridi nyingine kama ile na vidole havitabaki. Basi mama amechukua sweta nyeusi ya marehemu baba, ile nzito, akafumua mbele na mikono, na sasa anamfumia soksi za kufika magotini. Mgongo wa sweta ameuacha unaning'inia kwenye msumari wake. Anasema andika hivi: "Evanthia mwanangu, nimeona heri baba yenu amshike kaka yako miguu kuliko aning'inie bure ukutani."

Nimepewa kazi ya kuzipeleka stesheni. Ingekabidhiwa nani mwingine.

Nduguyo asiye na mfano,
Zisis


Athene, 13 Novemba 1940

Mdogo wangu Zisis,

Barua yako imefika imechelewa na imekunjamana kama wewe. Nimefurahi kusikia mama yu mzima. Mchemshie chai ya mlimani yenye asali, na uhakikishe anaimaliza. Huwa anawapa wageni. Pua yangu haijambo, inakusalimu.

Huku nako siku ile sijawahi kuona. Nilitumwa kununua vitunguu nikarudi bila vitunguu na bila kiatu kimoja, maana barabara zilifurika. Vijana walining'inia kwenye tramu wakiimba, watu wasiojuana wanabusiana. Nilitegemea vilio. Kulikuwa na vilio pia, lakini vya ndani, madirishani. Bi Aspasia, tajiri yangu, ambaye hajawahi kujishikia hata birika, sasa ameketi sebuleni na marafiki zake wanafuma. Soksi yake ya kwanza haikuwa na mahali pa kuingizia mguu. Nikamfundisha. Akaniambia, "Keti, Evanthia, huwezi kufundisha umesimama." Miaka sita naye, ndio mara ya kwanza nimekalia kiti kile.

Na jambo moja usilicheke. Kwenye kichochoro chetu kuna fundi cherehani, Mtaliano, ana miaka ishirini hapa. Polisi walikuja kumchukua. Wanawake walewale waliokuwa wakiimba barabarani walimfungia mkate na jibini, na mmoja akamwambia, "Ukirudi, sketi yangu bado ina pindo halijaisha." Alilia mzee wa watu. Nikaona heri nilivyozaliwa nchi hii kuliko kwingine.

Sasa swali langu ni moja tu. Stergios amepita? Na soksi?

Dada yako,
Evanthia


Kalambaka, 25 Novemba 1940

Dada,

Jeshi letu limeuteka mji wa Koritsa na mikono yangu haishiki kijiko. Kengele ile nimeipiga mpaka Papa Lefteris akaja kuniambia Mungu ameshasikia. Watu walitoka na masufuria, na pombe ya zabibu ikamwagika mpaka bata wa Mzee Zachos wakalewa, si utani, mmoja alilala barabarani mgongo chini. Wimbo wa kumcheka yule bwana wa Roma mwenye kidevu nimeutunga mimi. Wengine wanadai ulitoka Athene. Ulitoka mdomoni mwangu.

Mama mzima kabisa kabisa, na ninayokueleza hapa hutayaamini. Mwanzoni mwa mwezi maadui walishuka karibu sana huku juu, na njia za milimani zikawa tope tupu, nyumbu wanazama. Basi wanawake wa vijiji vya juu wakaanza kubeba masanduku ya risasi mgongoni. Hakuna aliyewaamuru. Habari ilipofika hapa mama alisikiliza akiwa anapepeta maharage, akaweka ungo chini, akachukua kamba ya kuni. Nikamwambia, "Mama, na kikohozi?" Akasema, "Nitakikohoa huko huko." Alikaa huko wiki nzima. Bibi mmoja wa huko, mkubwa kuliko mama, alivunja barafu kwa mikono mtoni akaingia maji mpaka kiunoni akiwa na wenzake, wakashikana mabega, ili askari wanaovusha kamba za daraja wapite bila kuchukuliwa na maji. Mama amerudi na alama mbili za kamba mabegani, nyeusi kama zimechorwa kwa mkaa. Mimi najisifu, dada, unanijua, lakini alama zile nikiziona nanyamaza.

Stesheni ndio nyumbani kwangu siku hizi. Treni zinafika zimejaa, zinarudi tupu. Mji mzima unakwenda kupokea. Mtu anakuja na kikapu cha tini anarudi bila tini wala kikapu. Papa Lefteris alitoa viatu vyake vya theluji akarudi kanisani na ndala. Siku moja kilishuka kikosi cha watu wa visiwani, wengine hawajawahi kuona theluji maishani. Mmoja alikuwa na viatu vya turubai, ananiuliza huku akionyesha mlimani, "Ile nyeupe ni chokaa?" Watu walicheka halafu wakaacha kucheka. Kila mtu akaanza kuvua alichonacho. Kofia, mikanda, kitambaa cha kichwa, mwanamke mmoja akavua aproni. Kuna mtu alimpa yule wa visiwani soksi, nene, akapigiwa makofi stesheni nzima. Sijawahi kuona watu namna ile. Tulikuwa hivyo siku zote tukajificha, au vita imetubadilisha?

Stergios alipita kesho yake. Mzima, amenenepa, anakusalimu. Treni ilisimama muda mfupi.

Mama anasema andika hivi: "Moyo wangu umetulia. Sasa nafumia watoto wa wenzangu."

Nduguyo mpiga kengele mkuu,
Zisis


Athene, 17 Desemba 1940

Mdogo wangu,

Mwambie mama nimembusu mabega yote mawili. Nimewasomea wenzangu ile sehemu ya kamba na kikohozi, nikasema huyo ndiye mama yangu, na kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyejisifu.

Nimeacha kazi kwa Bi Aspasia. Yaani, tumeacha wote. Yeye anakunja bendeji na mimi nafua, kwenye shule iliyogeuzwa hospitali. Nilidhani nitaona majeraha ya risasi. Yapo. Lakini wodi kubwa kuliko zote ni ya miguu, Zisis. Baridi. Wanakuja miguu imevimba, halafu inakuwa myeusi. Mmoja wa miaka ishirini amekatwa yote miwili, na akiniona nabeba maji ananiambia, "Dada, ukichoka niambie nikusaidie kukimbia." Anacheka yeye, na mimi naenda kulia kwenye beseni. Hawa watu sijui wametengenezwa kwa nini.

Kwa hiyo usinizungushe. Nimesoma barua yako mara nyingi. Umeniambia bata walilewa, umeniambia Papa alirudi na ndala. Hukuniambia Stergios alivaa soksi. Alizivaa? Mbele ya macho yako?

Evanthia


Kalambaka, 8 Januari 1941

Dada,

Heri ya mwaka mpya. Nimechelewa kujibu, nilikuwa na shughuli nyingi. Mama mzima. Wana-mbuzi wamekua, mmoja ana tabia zako, anapiga kichwa kabla ya kuuliza.

Sikukuu ya Ubatizo nimetoa msalaba mtoni. Ndiyo, mimi. Papa Lefteris aliutupa kwenye maji ya Pinios na barafu imekaa kandokando, na kila mwaka unajua tunaruka vijana kumi na zaidi tunagombana humo ndani. Mwaka huu nilitazama kulia, nikatazama kushoto, hakuna mtu. Wote wako juu. Nilikuwa mimi na wazee wawili, Apostolis na Zachos, wamevua mashati, wamekonda kama vijiti, wanasema mto haujawahi kukosa watu na hautakosa wao wakiwa hai. "We Zachos, utakufa," akasema Apostolis. "Nikifa mti wa jozi ni wako." "Basi ruka." Wakaruka. Mji mzima ukalia na kucheka kwa pamoja.

Msalaba niliushika mapema. Sikutoka. Nilisimama humo, maji yakiwa magotini, mpaka miguu ikaacha kuuma, halafu ikaacha kuwepo. Papa Lefteris akapiga kelele nitoke, Zachos akanivuta kwa nywele. Usiniulize kwa nini.

Soksi, soksi, soksi. Unaandika kama mwenye duka. Mama hana wasiwasi wowote, kwa nini uwe nao wewe.

Barua ya Stergios haijafika tangu Krismasi. Posta ya jeshi unaijua.

Zisis


Athene, 2 Februari 1941

Zisis,

Hii barua ina sehemu mbili. Ya kwanza msomee mama. Ya pili ni yako.

Mama, nakubusu mikono. Stergios yuko hapa, hospitalini kwetu, yu hai. Aliletwa juzi. Nilikuwa napita na beseni, nikasikia mtu anasema, "Huyo mwenye pua ndefu ni wetu." Nikaliacha beseni likaanguka. Mama, baridi imemla vidole vya miguu, vya kulia vyote na viwili vya kushoto. Daktari amekata kilichopaswa kukatwa na anasema miguu yenyewe imepona, atatembea. Anakula supu ya maharage kwa bakuli mbili. Analalamika haina limau. Wodi nzima inampenda kwa sababu anaiga sauti ya nyumbu anayekataa kupanda mlima, mpaka daktari mkuu akaja kuomba aige tena. Analala vizuri. Nakaa naye kila nikimaliza kufua.

Hapa ishia kusoma.

Nilimuuliza habari ya soksi. Akasema, "Zilinifaa sana, mwambie mama asante, mto uliondoka nazo wakati tunavuka." Nikamuuliza zilikuwaje. Akasema, "Nyeupe, safi, za mama."

Zisis, wewe mwenyewe uliniandikia mwezi wa kumi. Sweta ya baba ilikuwa nyeusi.

Yeye sitamuuliza tena. Alipolisema hilo alitazama ukuta, na mtu aliyepoteza vidole saba ana haki ya kutazama ukuta. Nakuuliza wewe.

Evanthia


Kalambaka, 11 Februari 1941

Dada Evanthia,

Mama nimemsomea sehemu ya kwanza. Hakulia. Aliniambia nirudie pale pa limau, halafu pale pa nyumbu. Halafu akasema, "Na soksi nene vile. Bila zile angepoteza miguu yote." Nikatoka nje nikaenda kukaa na mbuzi.

Nitakueleza, na sitaweka bata humu.

Wiki ile mama alikuwa milimani. Niliambiwa kikosi cha Stergios kitafika Alhamisi. Kikaja kile cha visiwani. Mimi nilikuwa na soksi kifuani ndani ya shati. Yule wa viatu vya turubai alikuwa wa umri wangu, dada, mwenzangu kabisa, ameitwa kabla ya mwaka wake. Vidole vilikuwa vinachungulia nje. Watu wote walikuwa wanatoa vitu, hata wale wachoyo tunaowajua, na mimi nilikuwa nimesimama na mdomo tu. Nikapanda juu ya sanduku. Nikasema mbele za watu wote, "Hizi ni za sweta ya baba yangu, nenda nazo Roma." Wakapiga makofi. Yule kijana akaketi palepale kwenye reli akazivaa, zikamfika magotini, akanishika kichwa akanibusu. Nilidhani Stergios nitamtafutia nyingine. Nilidhani kwa mji unaotoa namna ile, soksi haziwezi kukosekana.

Hilo silijutii. Nipige ukitaka, silijutii. Ungekuwepo ungetoa na viatu.

Kesho yake treni ya Stergios ikasimama. Akatoa kichwa dirishani. "We mropokaji, mama kanipa nini?" Nikaonyesha mikono mitupu. Akanitazama, akacheka. "Umempa nani?" Nikamwambia. Akasema, "Umefanya vizuri. Ila mwambie mama anifumie nyingine upesi, huko juu si mchezo. Zitanikuta kwa posta." Nikamwambia sawa. Treni ikaondoka, akawa bado ananipungia, anaonyesha miguu yake na kucheka. Kwa hiyo yule anayekutazamia ukuta hapo anajua kila kitu, na nyeupe ameitunga kwa ajili yangu, na hata kutunga hajui, maskini.

Jumapili mama akashuka. Alikuja polepole, akakaa kizingitini bila kufungua kamba, na neno la kwanza, kabla hata ya maji, "Soksi?"

Niliona mabega yake. Nilikuwa nimekaa nyumbani wiki nzima napiga kengele na kula tini za askari, na yeye alikuwa amebeba risasi. Nikasema, "Amevaa, mama. Nimemvalisha mwenyewe." Akafumba macho, akatabasamu, akaegemeza kichwa mlangoni akalala hapo hapo ameketi.

Kesho yake akaanza kufumia watoto wa wengine. Amefuma mpaka leo. Jozi yoyote kati ya hizo ingekuwa yake.

Sasa yuko jikoni, nasikia sindano zake. Nikimaliza mstari huu naingia kumwambia. Nikiinua macho kutoka kwenye karatasi hii nauona msumari, na mgongo wa sweta ya baba unaning'inia palepale alipouacha. Ulitosha jozi nyingine. Ilikuwa nimwambie tu.

Zisis